Siku Nzima Uwanjani

Novemba 2006 timu ya Bermuda ilitua Mombasa. Kisiwa hicho kidogo cha bahari ya Atlantiki kilikuwa kimefuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia la kriketi, na wachezaji wake walihitaji kunolewa. Walicheza na Kenya mechi tatu za siku moja katika uwanja wa Mombasa Sports Club, na Kenya, chini ya nahodha Steve Tikolo, ikashinda zote. Januari 2007, kaskazi ikiwa imeshika, uwanja huo huo ukazipokea Scotland na Kanada kwa mashindano ya mataifa matatu. Katikati ya ziara hizo mbili, mwezi Desemba, Nairobi iliandaa mashindano mengine ya siku moja. Walikuwamo Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe, na kila aliyeshika gongo alikuwa mwanamke.

Msimu ule ukitajwa, hutajwa Bermuda, hutajwa Scotland, halafu Kombe la Dunia lililofuata kule West Indies. Mimi nauona moyo wake ulikuwa Desemba.

Asiyeufuata mchezo huu ajue kwanza kwamba mechi ya siku moja ni ya siku moja kweli. Kila upande hurushiwa ova 50, na ova moja ni mipira sita. Hesabu yake ni mipira 600 ikiwa hakuna upande uliotolewa wote mapema. Mechi huanza asubuhi, saa tatu au tatu na nusu, na huisha jioni. Adhuhuri humkuta mchezaji uwanjani, alasiri humkuta uwanjani. Mpigaji mzuri aweza kusimama mbele ya vijiti saa tatu mfululizo, na mrushaji apewa ova kumi, ambazo hawezi kuzirusha kwa pupa. Mchezo wa namna hii hauombi nguvu tu, unaomba siku. Anayetaka kujua wanawake wamefika wapi katika kriketi ya pwani na ya Kenya nzima, na aulize ni nani aliyewahi kuwapa siku hiyo.

Wanaume wa Mombasa walipewa mapema. Mechi ya kwanza inayojulikana katika nchi ambayo leo ni Kenya ilichezwa kisiwani hapa tarehe 1 Desemba 1896, timu ya East Africa Protectorate ikikabiliana na timu iliyojiita ya ulimwengu uliosalia. Tukumbuke mwaka wenyewe. Vita vya Mbaruk bin Rashid Mazrui dhidi ya Waingereza vilikuwa vimekwisha miezi michache tu kabla, Mbaruk akiwa amevuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Reli ya Uganda ilikuwa imeanza kutandazwa kutoka Kilindini mwaka huo huo. Maofisa wa utawala ambao hawakuwa na miaka miwili tangu kuitangaza himaya yao walipata wasaa wa kutosha kusafisha kiwanja, kusimamisha vijiti na kucheza kutwa. Mombasa Sports Club nayo huhesabu umri wake kuanzia 1896. Kabla Nairobi haijawa mji, Mombasa ilikuwa na kriketi.

Reli ilileta Wahindi kwa maelfu, na nyuma yao wakaja wenye maduka, makarani, mafundi na walimu. Kriketi ikatoka mikononi mwa Waingereza ikaingia mitaani, lakini iliingia kwa jumuiya. Mabohora walikuwa na Burhani, Ithnaashari walikuwa na Jaffery, Masingasinga walikuwa na Sikh Union, na kulikuwa na Coast Gymkhana. Waislamu wa Nairobi walikuwa na Sir Ali Muslim Club, iliyobeba jina la Sir Ali bin Salim, aliyekuwa Liwali wa Pwani. Kila klabu ilikuwa na wanachama wake, michango yake na viongozi wake, na Jumapili yake ilikuwa ya kriketi. Mara nyingi walicheza juu ya jamvi la makumbi lililokazwa kwa misumari juu ya udongo ulioshindiliwa, kwa maana majani yanayofaa kurushia mpira hayakuoteka kirahisi katika nchi hizi. Mpira juu ya jamvi huruka na kupinda kuliko juu ya majani, na aliyejifunza hapo hujifunza kuuangalia mpaka dakika ya mwisho.

Mtoto mmoja wa mji huu aliuonyesha ulimwengu elimu ya aina hiyo. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1963, alikuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia la 1999, na kabla ya hapo alikuwa ameiwakilisha nchi katika tenisi ya Davis Cup. Alikuwa amekwisha kustaafu alipoitwa tena mwaka 2003. Machi 15 mwaka huo, mjini Durban, aliwarushia mabingwa wa dunia Australia ova nane na mipira miwili. Ova sita kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Alitoa mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu, ya Ricky Ponting ikiwa mojawapo. Australia walishinda mechi, lakini Karim, aliyekuwa akikaribia miaka 40, ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa siku. Siku tano baadaye Kenya ilicheza nusu fainali na India.

Fahari hiyo yote ilikuwa na upande wa pili. Klabu za jumuiya zilijengwa na wanaume kwa ajili ya wanaume. Mke, dada na binti waliijua Jumapili ya kriketi kwa chakula kilichobebwa kwenda uwanjani na kwa nguo nyeupe zilizorudi na doa jekundu la mpira kwenye paja. Walijua nani alitolewa kwa sifuri na nani alidaka mpira wa ajabu. Siku yenyewe haikuwa yao.

Yupo atakayesema kwamba wanawake wa kisiwa hiki, wa Mji wa Kale hasa, hawakuwa watu wa mashindano. Asemaye hivyo hajui historia ya mji. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama, na vyama hivyo vilishindana kwa ukali ambao klabu za kriketi zingeuonea wivu. Ibinaal Watan kilikuwa kimoja cha vile vilivyovuma. Chama kilikuwa na viongozi wenye vyeo, na kupanda cheo kuligharimu karamu. Wanachama walichanga, walishona sare, walijifunza nyimbo kwa siri na kuzitoa hadharani ili wapinzani wafedheheke. Chama kikichinja ng'ombe mmoja, mwenzake alitafuta wawili. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyeandika kitabu juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975, alizungumza na wanawake waliocheza lelemama enzi hizo na akaonyesha jinsi vyama hivyo vilivyowafunza wanawake kuongoza, kuendesha fedha na kusimama mbele ya watu. Miaka ya 1950 baadhi ya nguvu hizo zilihamia katika Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, na wanawake wa mji wakaandika ombi rasmi kudai haki ya kupiga kura.

Kwa hiyo ari ilikuwapo, umoja ulikuwapo, hata sare zilikuwapo. Lelemama ilichezwa usiku, baada ya kazi za nyumba, katika ua au kiwanja ambacho wanawake walijitengea wenyewe. Mchana ulikuwa na wenyewe: jiko, watoto, mashono, mgonjwa wa kuuguzwa, wageni wa ghafla. Binti wa Kibokoni au Mkanyageni aliyebaleghe alifunikwa buibui na mizunguko yake ikapungua. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa magazeti ya Sahifa na al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, alitetea elimu ya wasichana wakati wengine waliiona ni hatari, na shule ya wasichana wa Kiarabu ikafunguliwa kisiwani mwaka 1938. Shule ilikuwa mlango wa kwanza wa mchana. Ilimpa msichana saa kadhaa nje ya nyumba ambazo hakuna aliyeweza kumhoji. Ila kriketi haikuwa miongoni mwa yaliyomngoja huko. Waliofunzwa kriketi walikuwa kaka zake.

Mahali pengine wanawake hawakungoja wapewe. Mwaka 1973, nchini Uingereza, lilichezwa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, na lilikuwa la wanawake. Rachael Heyhoe Flint, nahodha wa England, na tajiri Jack Hayward, aliyetoa pauni 40,000, walilianzisha miaka miwili kabla wanaume hawajapata lao. Katika mechi ya mwisho Enid Bakewell alipiga mikimbio 118 na England wakawashinda Australia. Hili huwa nalirudia kila linapozuka gumzo la kriketi, kwa sababu Afrika Mashariki ilikwenda kwenye kombe la wanaume la 1975, ikiongozwa na Harilal Shah, ikapoteza mechi zake zote tatu, na mpaka leo wazee husimulia kana kwamba walihudhuria kuzaliwa kwa mashindano ya aina hiyo. Mashindano hayo yalikuwa yamekwisha kuzaliwa, na walioyazaa walikuwa wanawake.

Kilichochelewesha mambo huku kwetu kilikuwa pia cha kiutawala. Kriketi ya wanawake duniani ilikuwa na baraza lake tangu 1958, mbali na lile la wanaume, na baraza hilo halikuwa na fedha. Mwaka 2005 liliunganishwa na hilo la wanaume, ICC. Tangu hapo vyama vya kriketi vya mataifa, ambavyo vilikuwa vimewaangalia wanaume pekee, vikawajibika kwa wanawake pia. Matokeo yake huku kwetu yalionekana upesi. Januari 2006 timu ya wanawake ya Kenya ilicheza mashindano yake ya kwanza ya kimataifa, jijini Nairobi, na Uganda pamoja na timu ya pili ya Kenya yenyewe. Mwaka haukwisha kabla ya Desemba kuleta mchujo wa Afrika wa kuelekea Kombe la Dunia la wanawake la 2009.

Na wawazie wachezaji hao. Wengi wa mataifa yale manne walikuwa ndani ya mwaka wao wa kwanza au wa pili wa kriketi ya kimataifa; kwa Zimbabwe hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kabisa. Mpira wanaotumia wanawake ni mdogo kidogo kuliko wa wanaume, gramu 140 hadi 151, lakini umetengenezwa vivyo hivyo: moyo wa koki uliozungushiwa uzi ukakazwa, juu yake ngozi, na mshono uliotuna katikati. Mrushaji huushika kwa vidole viwili kando ya mshono huo, na mshono ukigusa chini upande mmoja kuliko mwingine, mpira hubadili njia. Ujuzi huo haufundishwi kwa mdomo. Huja kwa kurusha mamia ya mipira kwa juma, mwaka baada ya mwaka, na mechi za mwishoni mwa juma za kukupima. Kaka zao walikuwa na ligi za kufanyia hivyo kwa zaidi ya miaka 50.

Kenya haikufuzu. Zimbabwe ndio waliobeba nafasi pekee ya kusonga mbele. Februari 2008 Wazimbabwe hao walikuwa Stellenbosch, Afrika Kusini, katika mchujo wa dunia, wakamaliza wa tano. 

Wanaume nao walikuwa na msimu wa neema. Baada ya Mombasa, walitwaa Ligi ya Dunia ya daraja la kwanza jijini Nairobi, Februari 7, 2007, kwa kuishinda Scotland kwa wiketi nane. Hakuna aliyejua kwamba huo ulikuwa ukingo wa mteremko. Usimamizi uliyumba, wachezaji na viongozi wakavutana, na mwanzoni mwa 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Mombasa Sports Club ilikuwa bado imewapokea Ireland Februari 2012. Jahazi likizama huzama na abiria wote, na kina dada, waliopanda mwisho, walikuwa sitaha ya chini.

Hapa nataka kuitaja nyumba moja. Kaka wanne wa ukoo wa Ngoche, yaani Lameck Onyango, Nehemiah Odhiambo, James Ngoche na Shem Ngoche, wote waliichezea Kenya mechi za kimataifa za siku moja, na Shem akawa nahodha wa taifa. Dada zao Margaret Ngoche na Mary Bele nao waliichezea Kenya. Margaret naye alikuwa nahodha. Kama ni damu, ni ile ile. Kama ni bidii, Margaret alikuwa bado uwanjani miaka mingi baada ya wengi wa kizazi chake kuacha. Lakini fungua vitabu vya kumbukumbu: mechi za kaka zao za siku moja zimehesabiwa, kila mkimbio na kila wiketi. Za kina dada zinazohesabiwa ni za ova 20 pekee.

Tangu Julai 2018 ICC ilizipa timu zote za wanawake za nchi wanachama hadhi ya kimataifa katika mechi za ova 20. Ilikuwa hatua njema na sitaibeza. Ndiyo iliyompa Fatuma Kibasu wa Tanzania jina, alipopiga mikimbio 108 bila kutolewa dhidi ya Mali mjini Kigali mwaka 2019. Ndiyo iliyowapa Wakenya kombe: Juni 2021, katika mashindano ya Kwibuka huko Rwanda, waliwashinda Namibia kwa wiketi saba katika fainali. Mechi ya ova 20 huchukua saa tatu. Ni rahisi kuandaa, rahisi kuruhusiwa, na binti anaweza kurudi nyumbani kabla hajaulizwa alikokuwa. Hofu yangu ni kwamba saa tatu zikizoeleka, siku nzima itasahaulika, na pamoja nayo yale yanayojengwa na siku nzima tu: subira ya mpigaji, hila ya mrushaji anayempangia mtu mtego kwa ova nne, akili ya nahodha anayejua upepo wa alasiri utageuka.

Waliofuzu 2006 wamefika wapi? Zimbabwe ilianzisha ligi ya ndani ya wanawake ya ova 50, Fifty50 Challenge, katika msimu wa 2020 hadi 2021, yenye timu nne: Eagles, Mountaineers, Rhinos na Tuskers. Aprili 2021 ICC ikaamua kwamba timu za wanawake za wanachama kamili wote zitambuliwe katika mechi za siku moja, na Zimbabwe ni mwanachama kamili. Oktoba 5, 2021, jijini Harare, wakacheza mechi yao ya kwanza yenye hadhi hiyo, dhidi ya Ireland. Nahodha Mary-Anne Musonda akapiga mikimbio 103 bila kutolewa na Zimbabwe ikashinda kwa wiketi nne. Ireland walishinda tatu zilizofuata, na hilo halishangazi. Jambo ni kwamba walikuwa na siku ya kushindwa na siku ya kujifunza.

Utaratibu huo wa uanachama kamili unaniuma, kwa sababu mwanamke wa Kenya anapimwa kwa ngazi ambayo wanaume walishindwa kuipanda. Kenya iliomba uanachama kamili wakati nyota yake iling'aa, haikupewa. Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Mei 2022 nchi tano zisizo wanachama kamili zilipewa hadhi ya siku moja kwa timu zao za wanawake, na miongoni mwao ilikuwamo Thailand, nchi ambayo wanaume wake hawana jina lolote katika kriketi. Wanawake wa Thailand waliingia kwa miguu yao.

Na kuhusu Mji wa Kale, wasiwasi wa mavazi umepata jibu uwanjani. Abtaha Maqsood, mrushaji wa Scotland aliyezaliwa Glasgow, hucheza akiwa na hijabu, na alicheza hivyo mbele ya maelfu katika mashindano ya The Hundred akiwa na Birmingham Phoenix. Mzazi wa Kuze anayesita anaweza kuonyeshwa picha yake.

Kwa Kenya ningeomba kidogo tu cha kuanzia: timu nne, kama Zimbabwe. Pwani, Nairobi, Bonde la Ufa na Nyanza. Kila moja ikutane na mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla mechi 12, ova 50 kwa kila upande. Mechi tatu za nyumbani za timu ya Pwani zichezwe Mombasa Sports Club kati ya Desemba na Machi, mvua za masika zikiwa bado, zianze saa mbili na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali, na mapumziko ya kubadilishana zamu yawekwe adhuhuri. Shule za kisiwani zipewe nafasi ya kuleta wasichana wao. Gari la kuwarudisha Kibokoni, Majengo na Likoni jioni liwe limelipiwa kabla msimu haujaanza.